Meza ya fomaika imechubuka na kabati linabanduka: nianzie wapi?

Mkaazi wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina meza ya kulia chakula na kabati la nguo, vyote vya ubao uliofunikwa tabaka gumu la kung'aa lenye sura ya mkangazi. Dada yangu hushonea juu ya meza hiyo, na kila anapoivuta cherehani, kitako chake cha chuma huacha alama. Nyingi ni mistari myeupe inayofifia kidogo ninapoipitishia kitambaa, lakini mmoja, wenye urefu wa kiganja, umeingia ndani hata rangi ya kahawia iliyokoza inaonekana chini yake. Kabati nalo limechakaa kwa namna nyengine: ukanda wa ukingoni mwa mlango umeanza kubanduka, na sehemu ya chini iliyo karibu na sakafu imevimba na inatoa chenga.

Jirani yangu amenishauri niipige msasa meza yote kisha niipake vanishi, kama tunavyofanya kwa milango ya mbao. Kabla sijaanza, naomba anayeijua kazi hii anieleze kama ushauri huo unafaa, na kama haufai, nishike lipi kwanza.

Seremala wa Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam. Nakuomba msasa usiuguse kabisa kwa sasa. Mlango wa mbao ukiupiga msasa unakutana na mbao nyengine iliyo sawa na ile ya juu, lakini hiyo sura ya mkangazi unayoiona kwenye meza yako ni picha iliyochapwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo imelowekwa katika gundi ya melamini na kushindiliwa kwa joto na mashine hata ikawa ngumu, na juu yake pana utando mwembamba sana unaoilinda. Ukiupiga msasa, utaumaliza huo utando, kisha utaifuta picha, na hakuna vanishi itakayoirudisha.

Kwa maelezo yako, meza na kabati si kitu kimoja. Hiyo kahawia uliyoiona ndani ya mkwaruzo ni tabaka za karatasi nzito zilizolowekwa gundi ya finoli, na ndiyo dalili ya fomaika ya kweli, yaani shiti iliyotengenezwa peke yake kisha ikabandikwa juu ya ubao. Itazame meza kwa ubavuni, pale ambapo ukingo haukufunikwa. Utaona mstari mwembamba mweusi kati ya uso na ubao. Vitu vya namna hii vilianza Marekani mwaka 1912, Herbert Faber na Daniel O'Conor walipokuwa wakitafuta kitu cha kuzuia umeme usipite, badala ya yale madini yaitwayo maika, na ndiyo maana moyo wake ni mgumu na haunywi maji kwa urahisi. Mkwaruzo wako basi ni ubaya wa sura tu, unaweza kusubiri. Kabati, kwa ninavyoelewa, ni la chipubodi, yaani ubao wa chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi moja tu ya melamini. Hapo hakuna tabaka la kahawia la kukinga. Ukishapasuka uso, unakutana moja kwa moja na chenga za mbao, nazo hunywa maji, huvimba, na zikishavimba hazirudi tena hata zikauke.

Kwa hivyo anzia kabati, wala usianzie meza. Watu wengi huhangaika na rangi ya mkwaruzo unaoonekana na wageni, huku ukingo ulio wazi nyuma ya mlango unaendelea kunywa unyevu kila siku. Kwetu visiwani hewa yenyewe ina unyevu, na juu ya hayo tunapiga deki kwa maji mengi. Ubao wa chini wa kabati unakaa katika maji hayo kila asubuhi, na hapo ndipo ulipovimbia.

Ukanda uliobanduka utoe sehemu yake yote iliyolegea, usiunganishe kipande kwa kipande. Kwangua gundi ya zamani kwa kisu, pande zote mbili, hata pawe safi na pakavu. Paka gundi ya kugusanisha, ile wanayotumia mafundi viatu, kwenye ukanda na kwenye ubao, kisha uiache bila ya kuunganisha mpaka ukiigusa kwa kidole haikufuati. Hapo ndipo unapouweka ukanda, na uuweke sawa mara moja, kwa sababu ukishagusa hausogei tena. Upitishie kitu cha duara kama chupa kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho ili hewa isibaki ndani. Wanaounganisha gundi ikiwa bado mbichi ndio ambao kazi zao hubanduka upya, kwa kuwa kiyeyusho kinabaki kimefungiwa ndani na hakina pa kutokea.

Bi wa Wete

Fundi ameeleza vizuri, nami naongeza kuhusu ile mistari myeupe, kwa sababu hilo nalijua kwa matumizi ya nyumbani. Mwanangu, pitisha ukucha juu ya mstari. Ukucha usipokwama, huo si mkwaruzo wa kujazwa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kausha. Ikibaki alama ya mafuta au ya wino, chukua spiriti kidogo kwenye pamba, ufute na uondoe upesi. Uso ukiwa wa kung'aa, nta ya kung'arishia magari, ile laini isiyo na chembe za kukwaruza, huzifanya alama nyingi zisionekane. Lakini kama uso ni mfu, yaani usiong'aa, usiitumie nta hiyo, kwani itakuachia baka la kung'aa katikati ya meza, nalo linachukiza kuliko mkwaruzo.

Kinachoharibu meza zetu zaidi ni mchanga. Unaingia na miguu na upepo wa kaskazi, unakaa juu ya meza, kisha mtu anauburura chini ya sahani au anaufuta kwa kitambaa kikavu. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko melamini, basi kila ufutaji ni mkwaruzo mpya. Lowesha kitambaa kwanza. Steeli wuli na dawa ya unga ya kusugulia masufuria ziwe mbali na meza hiyo, na cherehani iwekewe kipande cha zulia au mpira chini yake.

Mkaazi wa Chake

Nashukuru sana, Bi, na wewe Fundi. Nimetazama ubavuni mwa meza na mstari mweusi upo. Sasa naomba kuuliza juu ya ule mkwaruzo mrefu. Nimeona madukani penseli za nta za kujazia fenicha. Je, zinatosha, ukizingatia kwamba mwezi wa Ramadhani meza hii ndiyo inayobeba masufuria ya futari?

Seremala wa Mwanakwerekwe

Hilo la masufuria ndilo linaloamua. Nta ni nzuri kwa mlango wa kabati au ubavu wa meza, mahali pasipopata joto wala kusuguliwa. Unachukua rangi mbili zinazokaribiana, unaanza na ile nyepesi, kwa sababu kukoleza ni rahisi na kupunguza ni shida. Unaishindilia ndani ya mkwaruzo, unaisawazisha kwa kadi ya plastiki, kisha kwa ncha ya brashi nyembamba unachora mishipa ya mbao ipite juu ya kiraka. Jicho huufuata mstari wa mshipa, haliioni tofauti ndogo ya rangi. Ila nta ikiwekewa sufuria juu yake italainika na kutoka.

Juu ya meza tumia epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Changanya na rangi ya unga kidogo sana, mpaka ifanane na sehemu nyeusi zaidi ya mkangazi wako. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za mkwaruzo, karibu kabisa na midomo yake, kisha jaza hata gundi ipande juu kidogo. Ondoa utepe kabla haijakauka. Iache hadi kesho yake, kisha ichukue sehemu iliyopanda kwa wembe ulioulaza, kidogo kidogo, bila ya kuusimamisha. Hata baada ya hapo, sufuria iliyotoka jikoni iwekewe kitu chini. Fomaika yenyewe hustahamili joto vizuri, lakini gundi iliyoibandika kwenye ubao hulegea, na ndipo uso unapoinuka kama lengelenge.

Kijana wa Mkoani

Mimi nisingehangaika na viraka. Shiti mpya ya fomaika ya futi nane kwa nne inatosha meza ya kawaida na kubaki. Unaibandika juu ya ile ya zamani na unapata meza mpya.

Seremala wa Mwanakwerekwe

Inawezekana, kaka, na hapo ndipo msasa unapohitajika, kuikwaruza fomaika ya zamani ili gundi ipate pa kushika. Lakini kwa mkwaruzo mmoja wa kiganja ni gharama isiyo na sababu. Ingekuwa picha imesuguka na kufutika sehemu kubwa, ningekuunga mkono.

Kuhusu chini ya kabati, ndugu yangu wa Chake: sehemu iliyovimba ikatwe kwa msumeno wenye meno madogo mpaka kwenye ubao mzima, na mahali pake pawekwe vigingi vya mbao ngumu au miguu ya plastiki, ili kabati lisimame juu ya maji ya deki. Mdomo wa chipubodi uliokatwa uupake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, ikikauka uupake rangi ya mafuta mara mbili. Kama masika bado hayajakatika huko, utoe mlango na uuweke ndani penye upepo mpaka ukingo ukauke, na kazi ya gundi uifanye adhuhuri ya siku yenye jua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, gundi ya kugusanisha hufanya ukungu juu yake na haishiki.