Kila homa ni UTI na taifodi, ivi sisi wananchi tunajuaje kama ni kweli?

MamaK_Mbagala
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana hapa nilipo nimechanganyikiwa na hela imekata. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, tangu mwaka jana kila akichemka nikimpeleka zahanati ya binafsi hapa mtaani (jina naliweka kapuni) wimbo ni ule ule, malaria hakuna, UTI ipo na taifodi ipo kidogo. "Ipo kidogo" ndo nini jamani? Anachomwa sindano asubuhi na jioni siku tano, mtoto akiona koti jeupe tu analia, anapona, miezi miwili mbele tunaanza moja. Hii ni mara ya nne. Juzi nikajikaza nikamuuliza daktari mbona hii taifodi haiishi, akanijibu mama utafiti unaonyesha watoto wengi wa Dar wana taifodi sababu ya maji. Nikanyamaza, maana mtu akishasema utafiti unaonyesha mimi niliyeishia form four nimwambie nini? Mama mkwe naye anasema tunapigwa tu, enzi zao homa ilikuwa klorokwini na mchaichai basi. Nani yuko sahihi hapa?

mtu_wa_darubini
Pole sana dada. Nipo maabara mwaka wa tisa sasa na hili jambo linanikera kuliko mshahara. Hicho kipimo cha taifodi walichokupimia karibu naapa ni Widal, ni kipimo cha tangu 1896 huko Ufaransa, kinachukua tone la damu linachanganywa na dawa kwenye kigae halafu unaangalia kama pamegandana. Sasa kitu ambacho wagonjwa hawaambiwi ni kwamba hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, kwahiyo uliyewahi kuugua zamani, mwenye mdudu mwingine wa ukoo huo huo, hata mwenye malaria, wote wanaweza kugandisha. Ndo hiyo "ipo kidogo" yako. Cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani inawekwa maabara kuona kama mdudu mwenyewe ataota, inachukua siku kadhaa na zahanati nyingi hazina. UTI nayo, mkojo wa mtoto ukikingwa ovyo au ukakamuliwa kutoka kwenye pampasi lazima uonekane mchafu.

Na huo utafiti upo kweli ila unasema kinyume na alivyokwambia. Ulitoka 2014, walichukua watoto 1,005 wenye homa Dar na Ifakara wakawapima kila kitu kinachopimika. Katika kila magonjwa 100 waliyoyakuta, zaidi ya 60 yalikuwa ya njia ya hewa yaani mafua, koo na kifua, malaria kama 10 hivi, UTI hayakufika 6, taifodi hayakufika 4. Na wengi wa hao watoto walikutwa na virusi, ambavyo hata ukichoma sindano hamsini havisikii.

Bwana_Kiberiti
Mnampotosha mwenzenu, kesho mtoto akizidiwa mtakuwepo? Wa kwangu aliambiwa taifodi, akachomwa, siku ya tatu anacheza mpira. Mnataka ushahidi gani zaidi ya huo?

Mdau_wa_Kampala
Bwana Kiberiti usikasirike lakini jiulize, ukilinganisha na nini? Homa ya virusi nayo mara nyingi siku ya tatu ya nne inaondoka yenyewe, kwahiyo sindano inaikuta homa ikiwa inafunga mizigo halafu inachukua sifa. Hilo swali nimelitoa kwa mtoto wa dada angu, huku Uganda 2016 walifanya jaribio shule za msingi 120, darasa la tano, watoto zaidi ya elfu kumi, nusu ya shule wakafundishwa kwa kitabu cha katuni jinsi ya kupima maneno ya "dawa hii inatibu", nusu wakaendelea na masomo yao ya kawaida. Mwisho wakapewa mtihani, waliofundishwa wakafaulu 69 kwa mia, wenzao 27. Watoto wa miaka kumi hao! Mzee mzima unashindwaje.

Shangazi_Tanga
Mimi namjibu mama mkwe. Mwambie klorokwini haikuachwa kwa ubishi, iliachwa 2001 kwasababu tafiti zilionyesha vimelea vimeizoea, ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikachoka, ndo mwishoni mwa 2006 tukaingia kwenye dawa ya mseto. Halafu kuna utafiti mwingine wa 2004, hospitali kumi za kaskazini, wagonjwa waliolazwa wakitibiwa malaria kali zaidi ya 4,000, walipoangaliwa vizuri kwenye darubini wenye vimelea hawakufika hata nusu. Kwahiyo na hizo homa za enzi zao nyingine wala hazikuwa malaria, zilijipoza zenyewe na mchaichai ukapata jina.

Nilishakaa kamati ya zahanati ya kijiji miaka mitatu kwahiyo nikuibie siri. Zahanati ya serikali mtoto chini ya miaka mitano sera ni bure, na kule hakuna mtu anayepata kamisheni kwa kuandika sindano (dawa kukosekana ni kilio kingine, tusiguse leo). Ikiwazidi wanakupa rufaa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Na ukiwa mbele ya daktari usibishane, uliza kwa upole tu, umejuaje kuwa ni taifodi? Kipimo kingine kipo? Tukisubiri siku mbili kuna hatari gani? Wizara ina mwongozo wa matibabu, anayeufuata hakasiriki akiulizwa. Ila mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, degedege, au amelegea haamki, hapo maswali weka pembeni kimbia hospitali.

Bwana_Kiberiti
Haya la mwisho hilo nimekubali. La katuni bado.

MamaK_Mbagala
Asanteni sana, Shangazi ubarikiwe. Leo nimempeleka kituo cha afya cha serikali, foleni ya kufa mtu, nimefika saa moja nimetoka saa saba. Dada mmoja kamsikiliza kifua, kahesabu anavyopumua huku anaangalia saa, kapima malaria hakuna, kasema mafua, panado na maji mengi nimrudishe homa ikipita siku mbili zaidi. Nilivyouliza umejuaje kanieleza vizuri tu wala hajanuna. @mtu_wa_darubini kile kikaratasi cha zahanati bado ninacho, kwenye taifodi kimeandikwa 1:80. Hiyo ni nyingi?

mtu_wa_darubini
Dada hiyo hata mimi nikijipima leo naweza kuikuta, na nimetoka kula ugali samaki sasa hivi.