Waridi dogo la chungu na hii winta: tupeane uzoefu

BintiPangani (Stockholm)
Wakuu, habari za jioni. Nimerudi kazini nikakuta majani ya waridi langu yamemwagika kwenye zulia, mengine mabichi kabisa. Lina wiki tatu tu tangu nilinunue supamaketi likiwa limejaa maua. Huku saa tisa alasiri giza limeshaingia. Nimemkumbuka marehemu bibi, mawaridi yake ya uani kule Pangani hakuna aliyeyabembeleza, na kila Ijumaa alichuma ya kutia kwenye kikuba. Nyie mnaokaa na haya ya chungu kwenye baridi mmefanyaje? Sitaki hili linifie.

Fundi_Mboji (Leeds)
Umeliweka wapi? Nikisikia majani mabichi yanapukutika, nafikiria hita kwanza. Geuza jani ulitazame kwa chini penye mwanga. Ukiona vumbi linatembea, huo ni utitiri mwekundu, unapenda hewa kavu.

BintiPangani
Juu ya hita kabisa, pale dirishani. Mimi mwenyewe natetemeka, nikajua nalo linasikia baridi.

Mzaramo_Toronto
Hapo hapo. Mimi mawili yameshakufa hivyo hivyo.

NakuruMoja (Rotterdam)
Waridi halitaki joto. Nimefanya kazi miaka minne kwenye mashamba ya maua Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku huwezi kutoka bila sweta, na mawaridi yanastawi. Kinachoua ni joto la sebuleni bila mwanga. Mti unaamka, unatoa machipukizi marefu, membamba, meupe, halafu hauna nguvu ya kuyalisha. Peleka chumba kisicho na hita, nyuzi 10 hadi 15, uliache lipumzike. Mbolea hapana mpaka siku ziwe ndefu.

MamaSalha (Oslo)
Kaka, usiwatishe watu. Langu liko jikoni, nyuzi 20, na lina maua matatu sasa hivi. Nimeliwekea taa ya LED, saa 14 kwa siku.

NakuruMoja
Basi kilicholiokoa ni taa.

MamaSalha
Na mimi nimesema nini? Nimesema kila nyumba ina yake. Wewe una chumba cha baridi, mie sina. Kila kona hapa analala mtoto.

Kijana_wa_Mvita
Mpe maji ya kuoshea mchele, mama yangu hutumia hayo.

Fundi_Mboji
Uani sawa, maji yanapita. Ndani ya chungu winta utafuga vijinzi kwenye mboji. Maji safi tu, tena mpaka udongo ukauke kiasi cha pingili ya kidole.

MwanaTanga_MN (Minneapolis)
Naomba niandike, maana nimesoma hapa usingizi ukakata.

Januari 2019 mama alifariki Tanga. Karatasi zangu zilikuwa bado, nikitoka Marekani sirudi, na watoto wako huku. Nilizika kwa simu. Shemeji kashika video, mie nimekaa sakafuni nimejifunika kanga. Siku ya pili mwenzangu wa kazini, tunalea wazee pamoja, akaniletea waridi dogo jeupe kwenye chungu, limefungwa karatasi ya dhahabu. Nikaliweka dirishani na karatasi yake, nikawa nalimwagilia kila siku. Sikujua kama maji yanatuama humo chini, mizizi imekaa kwenye tope.

Ikaja ile baridi ya tarehe 30, nyuzi 33 chini ya sifuri. Watoto wako kwa dada yangu, mimi nimeunganisha zamu mbili kwa kuwa wenzangu walishindwa kufika. Nyumbani joto likazima jengo zima, mwenye nyumba hapokei simu. Narudi, pumzi yangu naiona sebuleni. Waridi lilikuwa limeegemea kioo, majani yameganda yakashikana nacho. Nilipolivuta yakabaki pale pale kwenye kioo. Joto liliporudi, matawi yakalegea, yakawa meusi kama mchicha uliopitiliza jikoni. Nikasema, mama sikumzika, na hili nalo limenifia mkononi.

Kulitupa nilishindwa. Nilitoa ile karatasi, nikalikata lote nikabakisha vidole viwili juu ya udongo, nikalishusha chumba cha chini kabisa, karibu na kidirisha, hakuna joto huko. Kila baada ya wiki mbili nalipelekea maji nusu kikombe cha chai, kama mtu anayezuru kaburi. Mwisho wa Machi nimeshuka na nguo za kufua, nikainama. Pembeni ya kisiki, usawa wa udongo, kimechomoza kitu chekundu mfano wa kichwa cha kiberiti. Nilipiga magoti hapo hapo, nguo zote chini. Juni likachanua, meupe yale yale. Ninalo mpaka leo.

BintiPangani
Dada, pole sana. Mungu amrehemu mama.

Mzaramo_Toronto
Amina. Nimelia kwenye basi.

NakuruMoja
Pole sana dada. Mkato ule na chumba kile cha baridi ndivyo hasa vilivyolirudisha.

MamaSalha
Kaka, acha mtu apewe pole kwanza.

Fundi_Mboji
Pole dada. Lilirudi jeupe kwa sababu haya madogo kwa kawaida huoteshwa kwa vipandikizi, yanasimama kwa mizizi yake yenyewe. Waridi lililobebeshwa, yaani lililoungwa juu ya shina la mti mwingine, likifa juu, kinachochipua chini ni cha shina hilo. Na wewe BintiPangani, funua udongo uangalie. Mara nyingi huo siyo mche mmoja, ni minne au mitano imebanwa pamoja ionekane imejaa, inanyang'anyana maji. Itenganishe mwanzo wa machipuko, siyo sasa.

BintiPangani
Nimerudi. Ni minne kweli! Na chini ya majani kuna utando mwembamba, vitu vinatembea. Nimefunga mfuko juu ya udongo, nikaliosha bafuni kwa maji ya vuguvugu, hasa chini ya majani. Nimelihamishia dirisha la ngazini, kipimajoto kinasoma nyuzi 13.

Fundi_Mboji
Rudia kuosha kila baada ya siku tatu nne, mayai bado yapo.

MwanaTanga_MN
Na lisiguse kioo, mdogo wangu. Acha nafasi ya kiganja.

BintiPangani
Nimelisogeza sasa hivi, dada.