Stoo ya nyuma ya jiko: rangi inabanduka chini, nataka iwe stoo ya chakula. Nianzie wapi?

BintiPangani

Habari za leo wakuu. Nyumba iko Tanga, tofali za saruji nchi 6, imejengwa miaka ya tisini. Nyuma ya jiko kuna stoo ya mita 3 kwa 2.4, kwenda juu mita 2.7, na dirisha dogo la futi 2 kwa 2. Imejaa makopo ya rangi, magunia, maboksi na mtungi wa gesi wa akiba. Ukuta wa mita 3 unaopakana na bustani, rangi imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi sentimita 70 hivi, na nyuma ya rangi kuna unga mweupe. Juu kwenye kona ya dirisha kuna ukungu mweusi. Nataka rafu pande mbili na rangi nyeupe. Fundi ameshauri skimu ya jipsamu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) kisha rangi ya mafuta. Ni sawa? Kazi nyingi nataka kuifanya mwenyewe.

MwikoNaPimamaji

Dada, jipsamu usiiguse kwenye ukuta huo. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka chini ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki. Inaganda kuwa punje ngumu nyuma ya rangi, punje zinakua, rangi inasukumwa nje. Jipsamu ikilowa inalegea, na ikikaa na saruji penye maji inavimba, kwa hiyo baada ya masika moja utaiona inatoka kwa mapande. Rangi ya mafuta nayo inafunga njia ya maji kutoka. Yatapanda juu zaidi yatafute pa kutokea, na alama ya sentimita 70 itasogea.

Kabla ya kununua chochote pima mambo mawili. La kwanza, toka nje na futi, linganisha usawa wa udongo wa bustani na sakafu ya ndani. Udongo unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. La pili, kata nailoni ngumu vipande viwili vya sentimita 50 kwa 50. Kimoja kibandike chini panapobanduka, kingine juu penye ukungu, ufunge kingo zote nne kwa selotepu pana. Viache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Tiba zake hazifanani.

UsafiKwanza

Wakati unasubiri nailoni, toa kila kitu nje, hata kama unafikiri utasogeza tu. Maboksi yaliyokaa sakafuni ndiyo chakula cha mchwa, kwa hiyo angalia ukutani na kwenye fremu ya mlango kama kuna vijia vya udongo. Ukiviona usivifute tu, fuata hadi vinapotokea uweke dawa hapo.

Mtungi wa gesi usirudi humo kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, na chumba kidogo kilichofungwa kinajaa gesi bila mtu kujua. Mtungi ukae wima nje, kivulini, penye upepo.

Ukungu: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kikombe cha mililita 250 kwa lita 4 za maji. Paka kwa sponji, acha dakika 15, suuza. Vaa glovu, mlango na dirisha viwe wazi. Usichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ile ya chooni yenye asidi, kwa sababu hewa inayotoka ni sumu.

BintiPangani

Asanteni sana. Majibu haya hapa: udongo wa bustani uko juu ya sakafu kwa sentimita 10. Nailoni ya chini imelowa upande wa ukutani. Ya juu ina matone upande wa chumbani, ukutani pakavu.

MwikoNaPimamaji

Basi umeshapata mchawi. Kuna nailoni inayowekwa juu ya msingi kabla ya mstari wa kwanza wa tofali ili kuzuia maji yasipande. Hata kama ipo, udongo ulioegemea ukuta juu yake unaruka kizuizi na kulowesha tofali moja kwa moja.

Nje: chimba ukanda wa upana wa nusu mita kando ya ukuta wote, ushuke hadi udongo uwe sentimita 15 chini ya sakafu. Kwa vipimo vyako ni kutoa kina cha sentimita 25. Usifukue chini ya msingi. Sawazisha pawe na mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita ukielekea mbali na nyumba, kisha mwaga kokoto. Zege usimwage hapo, linazuia ukuta kukauka. Maua yanayomwagiliwa yahamie mbali. Kama maji ya bati yanadondokea hapo, weka gata kwanza, la sivyo yote haya ni bure.

Ndani: kwa tindo na nyundo toa lipu ya zamani hadi mita 1, yaani sentimita 30 juu ya alama ya mwisho. Chumvi iliyobaki kwenye tofali ipige brashi ya waya ikiwa kavu. Ukiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Vaa barakoa, rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, zikwangue zikiwa na unyevu na vumbi likusanye, usilifagie kavu. Kisha acha tofali wazi wiki nne hadi sita, dirisha likiwa wazi. Anza Juni masika ikiisha, umalize kabla ya vuli ya Oktoba.

Lipu mpya: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Chokaa inaifanya ipumue, lipu ya saruji tupu ni ngumu mno kwa ukuta wa namna hii. Eneo lako ni mita 3 za mraba, unene milimita 15. Tumia kopo la galoni la lita 4 kama kipimo: saruji makopo 2, chokaa 2, mchanga 12. Saruji hiyo ni kama kilo 12, inunue ya kupimiwa, usichukue mfuko mzima. Mchanga uwe wa mto uliochekechwa. Wa pwani una chumvi na utakurudisha ulikotoka. Korogea nusu nusu, kwa sababu mchanganyiko ukikaa zaidi ya saa moja unaanza kushika, na ukiuongezea maji unakosa nguvu. Loanisha tofali kabla ya kupiga. Chini acha nafasi ya sentimita 2 kati ya lipu na sakafu ili isinyonye maji, utaiziba na kibao. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 5, halafu subiri wiki nne kabla ya rangi.

RolaNaMsasa

Kuna wanaochanganya dawa ya kuzuia maji kwenye lipu ya ndani. Kwenye ukuta huu siungi mkono. Unyevu uliobaki unatakiwa utoke, ukiuziba ndani unaenda ukuta wa pembeni.

Ile kona ya dirisha ni mvuke wa jiko. Fungua matundu mawili ya tofali, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu kwenye ukuta mwingine wa nje kama upo, yote na wavu wa mbu. Bila hivyo ukungu utarudi juu ya rangi mpya.

Rangi: rudia kipimo cha nailoni kwanza. Kuta zako ukitoa mlango na dirisha ni mita 27 za mraba. Praima ya saruji galoni 1 inatosha. Rangi ya maji isiyong'aa, lita moja inachukua mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 5.4. Nunua galoni 2, zitatosha na dari. Kwangua na msasa pale tu panapokwaruza. Subiri saa 4 kati ya mkono na mkono, zaidi kukiwa na mvua.

MbaoTano

Rafu usizifunge ukuta wa bustani mwaka huu. Weka kwenye ukuta wa mita 3 ulioelekeana nao na ukuta mmoja mfupi.

Kina sentimita 30, yaani mbao mbili za nchi 1×6 zikilala pamoja. Nyuma funga kibao cha 1×2 ukutani, mbele simamisha nguzo za 2×2 kila sentimita 80. Ukizidisha hapo mbao inapinda ikibeba unga na mafuta. Skrubu ziwe za nchi 3: kibao kinakula milimita 25, lipu 15, zinabaki kama 35 za kuingia kwenye tofali. Hizo ndizo zinazobeba. Wengi wanafunga skrubu za nchi 2, zinaingia kwenye tofali kama milimita 10 tu na rafu inashuka na kipande cha ukuta. Drili biti ya milimita 8 na fisha za milimita 8, puliza vumbi kwenye tundu kabla ya kuingiza.

Rafu ya kwanza ianze sentimita 30 juu ya sakafu, upate kufagia na kuona mchwa mapema. Inayofuata iache sentimita 45 juu yake kwa ndoo na sufuria, za juu 30 kwa makopo. Unga na mchele viwe kwenye ndoo za mfuniko, magunia yasiegemee ukuta.

BintiPangani

Nimeelewa. Rafu nifunge kabla au baada ya rangi?

MbaoTano

Toboa na ingiza fisha kabla ya mkono wa mwisho wa rangi, vumbi la drili likuishie hapo. Mbao zipake ukiwa nje, pande zote nne na kwenye ncha zilizokatwa, zikauke siku mbili, ndipo uzifunge.