Almasi ya ardhini au ya maabara? Nimekwama kwenye pete ya uchumba

Mposaji
Wakuu, habari zenu. Nimedunduliza miezi kumi na minne kwa ajili ya pete. Sasa hela ipo, akili ndiyo haipo. Sonara amenitandikia mawe mawili juu ya kitambaa cheusi. Moja limechimbwa ardhini, uzito wake karati 0.4. Jingine limetengenezwa maabara, karati 1.2, na nikilichukua hilo chenji inabaki. Nimeyatazama kwa macho, nimeyatazama kwa lenzi, sikuona cha kuyatofautisha zaidi ya ukubwa.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mchumba wangu aliwahi kuniambia, tena kwa kupita tu, "Mimi jiwe feki sitaki." Je, hili la maabara ni feki? Na jingine, msinicheke: nikinyamaza, atajua?

FundiVito
Feki ni kioo, au zile zirkonia, mawe ya kuigiza almasi, zinazong'aa mwaka wa kwanza na kufifia kwa mikwaruzo. La maabara ni almasi: kaboni ile ile, imejipanga vile vile, ugumu 10, wa juu kabisa kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe. Si jambo la jana pia. Kampuni ya Marekani, General Electric, walitangaza almasi yao mwaka 1955, kaboni imekandamizwa kwa joto na shinikizo kubwa mno. Siku hizi kuna na njia ya gesi: methani na hidrojeni zinachemshwa ndani ya chumba maalumu, kaboni inatua juu ya kipande chembamba cha almasi tabaka kwa tabaka, na baada ya wiki chache una jiwe. La ardhini kwa kawaida lilipikwa kilomita 150 au zaidi chini ya miguu yetu, miaka bilioni moja au zaidi iliyopita, kisha volkano ikalitapika. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliondoa neno "asilia" kwenye maana ya almasi. Ila muuzaji bado anatakiwa kusema wazi kwamba jiwe ni la maabara.

Atajua? Kwa macho, hapana. Hata kile kikalamu cha kupimia hakitamsaidia, maana kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na hapo yote mawili yanafaulu. Lakini mashine za wataalamu zinayatenganisha, na jiwe lenye cheti mara nyingi lina namba iliyochorwa kwa leza kiunoni, yaani kwenye ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe.

Mimi ningekuomba utazame ukataji kabla ya karati. Jiwe lililokatwa vibaya ni kama dirisha, mwanga unapita chini na kutokomea. Na usidanganywe na ugumu. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ukiigonga upande wake mbaya inapasuka. Nilishapasua moja ya mteja nikikunja kucha ya dhahabu, ile inayoshika jiwe, juu ya kona yake. Ya ardhini, eti ina miaka bilioni! Nimeilipa mpaka nikakoma.

Hujatuambia: huyo dada anafanya kazi gani?

Bahili
Chukua ya ardhini ulale usingizi. Za maabara bei inaporomoka kila kukicha kwa sababu mashine zinaongezeka. Ya ardhini ni mali.

FundiVito
Bahili, mimi ndiye niko upande wa pili wa meza watu wanaporudi kuuza. Ya maabara karibu haina mnunuzi, hilo ni kweli. Ya ardhini nayo, wenyewe wakisikia bei huondoka wamenuna. Kama anataka mali, anunue dhahabu yenyewe.

BintiKito
Mposaji, sikia la mwanamke. Yangu ni ya maabara. Niligundua mwaka wa tatu, nilipoipeleka kukazwa, fundi akanisomea namba na maneno yaliyochorwa pale kiunoni. Jiwe nalipenda hadi leo. Lakini siku ile nilirudi nyumbani najiuliza ni nini kingine sijaambiwa. Mwenzangu alinunua kwa nia njema kabisa, akaniharibia kwa kunyamaza. Mwambie kabla hujalipa.

Mposaji
Nimemwambia jana. Nilijiandaa na maelezo yote ya methani na volkano, hata sikuyafikisha nusu. Akaniuliza, "Karati 1.2 ni kubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwenye ukucha. Akacheka. Fundi, uliuliza kazi yake: ni muuguzi, glavu anavaa na kuvua kutwa nzima. Anasema jiwe la kusimama hivyo litazichana zote.

Kumbe feki aliyoisema ni ile pete ya dada yake iliyobadilika rangi na kuacha doa la kijani kidoleni. Halikuwa suala la jiwe hata kidogo.

Tumeelewana: la maabara, karati 0.5, lizamishwe ndani ya dhahabu lisitokeze. Fundi, kuzamisha hivyo hakutalipasua?

FundiVito
Likiwa la mviringo, na fundi asiwe na haraka, halina neno. Mwambie akupe cheti mkononi kabla hajaanza kulipachika, na mwisome namba pamoja kwa lenzi. Likishazama, kiuno hakionekani tena.