Naomba ushauri: injini ya ndege ya kujiundia, ninunue sasa au nisubiri?

Wakuu, naombeni ushauri. Ndege ni ya viti viwili, naiunda hapa Moshi. Mabawa tayari, bado nyaya, dashibodi na kava la injini. Injini ni Lycoming O-320, farasi 160.

Kinachonitisha ni kutu. Kwenye injini hii kemshafti (shafti inayofungua vali) iko juu ya krenkshafti (shafti kuu inayozungusha propela), kwa hiyo ikikaa bila kuwashwa oili nyingi hushukia chini na chuma kubaki karibu kikavu. Masika mawili tu, kemshafti na tapeti (vipande vinavyosukumwa nayo kufungua vali) zinaweza kuliwa vishimo kabla ndege haijaruka. Kuzungusha propela kwa mkono ndiyo mbaya zaidi: kunakwangua ule utando wa oili uliobaki.

Lakini kava, ekzosi na kebo hupimwa juu ya injini yenyewe, na uzito wake, kama kilo 110, ndio unaoamua mizania ya ndege.

Je, nipimie ganda la injini mbovu, halisi nilete mwishoni? Au ninunue sasa, niijaze oili ya kuhifadhia, plagi za silika (chembe za kunyonya unyevu) kwenye silinda, nizibe ekzosi na bomba la kupumulia? Kwa unyevu wa huku, silika hujaa na kugeuka waridi baada ya wiki ngapi? Na waranti: inahesabiwa tangu kununua au tangu kuwasha?