Tupeane uzoefu: ulimpaje dogo kazi mpaka akadumu?

fundi_keko
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo ya fanicha hapa Keko na kila wiki kuna mzazi ananiletea kijana, "fundi nisaidie huyu, anashinda kijiweni tu." Kumpokea sio kazi, kazi ni kudumu naye. Wengi walikuwa wananikimbia wiki ya pili ya tatu, na mie nasema vijana wa siku hizi wavivu wanataka hela ya fasta. Mpaka likanikuta la dogo mmoja wa Mbagala Zakhem. Mkono mzuri, randa kaielewa siku mbili, ila kila asubuhi anafika jasho tupu na saa nane mchana anasinzia juu ya mbao. Siku moja nikamfokea sana, akanyamaza. Jioni jirani yangu ananiambia huyu si ndo namkutaga Kilwa Road anatembea, asubuhi na jioni? Kumbe anakuja kwa mguu, na mchana akiaga anaenda kula anaenda kukaa tu nyuma ya godauni, sababu mie nilikuwa nalipa kazi ikiisha, na kabati la milango mitatu linaweza kulala wiki mbili mteja akichelewesha hela ya vanishi. Niliona aibu aisee. Toka hapo kila jioni natoa elfu tano ya nauli na msosi, nakata kwenye hesabu ya Jumamosi, kazi iwe imeisha haijaisha. Dogo ana mwaka wa tatu sasa. Nyie wenzangu mlifanyaje?

mama_sare
Mimi nashona sare za shule, Tabata. Desemba na Januari ndo msimu, baada ya hapo kunalala. Nilikuwa nachukua mabinti wanne, msimu ukiisha nawaaga, mwakani naanza upya na wengine hawajui hata kupitisha uzi kwenye ovaloki. Mmoja nikambakiza, nikamwambia miezi ya kulala tushone mapazia na mashuka tugawane. Ana mtoto mdogo, akaomba awe anaingia saa tatu akishamwacha kwa bibi yake. Nilikubali kwa shingo upande sitaki kudanganya. Leo ndo namwachia mkasi kwenye kitambaa cha mteja, na mkasi humwachii mtu hivihivi.

gesi_baridi
Mie ndo nilikuwa dogo mwenyewe. Nimejifunza AC kwa braza Sinza miaka minne, kila ofisi ukienda wanauliza cheti. Nikasikia VETA (vile vyuo vya ufundi vya serikali) wana mpango wa kurasimisha ujuzi kwa sisi wa mtaani, hukai darasani miaka, wanakupima unachojua wanakuongezea unachokosa. Nikaenda Chang'ombe nikijiona namaliza kila kitu, nikaumbuka kwenye pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla hujajaza gesi! Sisi tulikuwa tunasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe halafu tunajaza, ndo maana AC za watu zilikuwa zinarudi baada ya miezi miwili tunasingizia umeme. Sasa hivi nina matengenezo ya majengo mawili Upanga. Ila hata na cheti mkononi, mlango wa kwanza alinigongea braza, alimpigia msimamizi akasema huyu akiharibu nakuja mimi.

tozi_wa_vingunguti
Naomba nilete la upande wa pili. Tulikuwa kikundi cha kuosha magari, tukachukua ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 (yaani ya mapato yake ya ndani: vijana 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2), kabla haujasimamishwa 2023. Hauna riba, sina neno na mkopo. Neno ninalo na sisi, tulikutana kwa ajili ya hela. Waliowahi kushika mashine ya presha walikuwa wawili, wengine tuliwajaza tu majina yatimie. Mashine ikaungua wiki ya sita, hakuna anayejua hata kuifungua, mmoja anataka tununue bodaboda, mwingine kazima simu. Marejesho tulilipa watatu kwa vibarua vya kushusha saruji. Uliporudi 2024 nimeingia na washkaji ambao tayari tulikuwa tunaosha pamoja kwa ndoo na matambara, afadhali sana, tunagombana ila tunajuana.

mpita_njia
Fundi hiyo elfu tano kila jioni, akiyeyuka nayo?

fundi_keko
Washayeyuka wawili. Elfu tano tano. Dogo mpya akishika randa wiki ya kwanza ananiharibia mbao ya hela kubwa kuliko hiyo, na mbao sikuwahi kuilalamikia hivyo. @tozi pole sana mkuu, mkienda tena muulizeni afisa maendeleo wa kata yenu kama mnaweza kuingiza hela ya fundi wa mashine kwenye andiko la kuombea mkopo, watu wanaweka mashine tu wanasahau itaharibika.

dada_temeke
Kaka fundi nafasi bado ipo? Mdogo wangu kamaliza form four mwaka jana, yupo tu nyumbani.

fundi_keko
Aje Jumatatu saa moja na nusu dada. Abebe futi na barua ya serikali ya mtaa. Na asije na ndala, misumari ipo kila mahali.