Mnatuambia "vijana jiajirini", sawa, nilipeni kwanza hela yangu ya chipsi

Wakuu heshima yenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu, na wale wazee wa "ungefupisha mkuu" leo mnisamehe.

Wiki tatu zilizopita kulikuwa na kongamano la vijana na ujasiriamali hapa kwetu. Jina la halmashauri silitaji maana bado nataka hela yangu. Mimi nina banda la chipsi, nina vijana wawili nawalipa, afisa mmoja ananifahamu maana huwa anapita jioni kula zege (chipsi mayai), akaniambia, mwalimu, kuna dili la chakula cha washiriki, sahani 150 za chipsi kuku, 5,000 kila moja, utaweza? Nikasema naweza. Nani anakataa laki saba na nusu kwa mpigo wakati kwa siku unahangaika na elfu sabini ya mauzo, hapo bado hujatoa viazi wala mkaa.

Sasa ili ulipwe na ofisi ya umma lazima uwe umesajiliwa kwenye mfumo wao wa manunuzi, uwe na leseni, uwe na risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), mimi sina hayo yote, banda langu lenyewe nimelisogeza mara tatu kwa kuwakimbia mgambo. Kwa hiyo nikapitia mgongo wa kampuni ya jamaa mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, ana kampuni ya kwenye begi, yeye anakata asilimia 10 yake. Yaani mtu hajamenya hata kiazi kimoja anachukua 75,000. Nikasema poa, ndo mjini.

Hela ya kuingia kazini sikuwa nayo yote. Kuku, gunia la viazi, dumu la mafuta, mkaa, vile vibebeo vya kufungia, vijana wa kusaidia, ilinitoka kama laki tano na kidogo. Laki mbili nikaenda kuchukua kwa wale watu wa kausha damu, unachukua 200,000 unarejesha 9,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni wenyewe hesabu. Nikajisemea kongamano likiisha Ijumaa, Jumatatu nalipwa, namalizana nao mapema.

Tumeamka saa tisa usiku. Mimi, mke wangu na wale vijana. Saa sita mchana mzigo wote uko ukumbini, wa moto, na kachumbari pembeni. Halafu mgeni rasmi hajafika! Washiriki walikuwa wamekaa tangu saa mbili asubuhi wanasubiri mtu wa saa nne. Kafika saa saba na nusu, na V8 mbili, moja yake na moja sijui ya nani, zote hazikuzimwa injini muda wote aliokuwa ndani. Akasimama akaongea karibu saa nzima.

Sikilizeni alichosema. Kasema vijana wa siku hizi ni wavivu, mnasubiri ajira za serikali, serikali haiwezi kuajiri kila mtu, acheni kulialia, acheni kukaa vijiweni na kubeti, fursa zimejaa, kateni majani, fugeni kuku, uzeni hata chipsi!! Akanyoosha mkono kabisa kule nyuma nilikosimama na mabeseni yangu, watu wakageuka wakanipigia makofi. Nikapunga mkono kama mjinga.

Meza kuu hawakula chipsi zangu. Chakula chao kililetwa kutoka hotelini, na yule dereva wa hoteli akaniambia wao wanalipwa kabla, bila hivyo hawawashi hata jiko. Sawa. Leo ni siku ya 21. Sijaona hata shilingi. Kausha damu nimesharejesha 189,000, na nazitoa kwenye mauzo ya banda, ndo maana juzi kijana wangu mmoja kaondoka, kasema bro siwezi kufanya kazi kwa ahadi. Na mimi ningemwambia nini? Ajiajiri?

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, maana hela ya chipsi hata wakinilipa kesho hasira haitaisha.

Mimi ni mwalimu kwa kusomea. Historia na Kiswahili, nimemaliza 2016, mwaka ule ule ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na zilipokuja kufunguka wakaanza na wa sayansi, sisi wa arts tukabaki benchi tunaangaliana. Sikulia. Nikafundisha shule binafsi miezi nane, mishahara nikapewa mitano, nikatoka. Nikalima tikiti Mkuranga. Hapa nakiri kosa langu, nilidanganywa na kilimo cha kwenye kalamu, ile ya ekari moja miche kadhaa zidisha tunda zidisha elfu mbili unapata milioni sita, jamaa alinionyesha kwenye karatasi nikaona kabisa Toyota IST inapaki. Nikavuna wakati Pwani nzima imevuna. Tikiti nyingine nilimwachia mwenye lori aende nazo tu.

Kwa hiyo neno kujitegemea nimelisoma, nimelifundisha na nimelila. Na ninachowaambia ni kwamba hawa watu wamelichukua lile neno wamelikata nusu. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967 halikuwa barua ya kuwasema vijana wavivu. Lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Vinne wakuu. Leo kimebaki kimoja, watu, na hao watu wenyewe ndo wanaambiwa wasisumbue. Na mle mle kulikuwa na masharti ya kiongozi, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani kujitegemea kulianza kwa kumfunga kamba mkubwa kwanza ndipo mdogo aambiwe shika jembe. 1991 wakubwa wa CCM wakaenda Zanzibar wakalegeza yale masharti. Ya kiongozi yakalegezwa, ya kwako wewe na jembe lako yamekaza vilevile.

Sisemi miaka ile ilikuwa peponi, baba yangu alipanga foleni ya sabuni na sukari na anasimulia mpaka leo akishiba. Na ile elimu ya kujitegemea kwa kizazi chetu ilifika ikiwa imeshakuwa kumwagilia bustani ya mwalimu mkuu na kubeba kuni Ijumaa. Ila angalau wakati ule aliyekuambia jitegemee alikuwa haruhusiwi kukupangisha chumba.

Tuangalie hao wanaojitegemea wanafanyiwaje. Desemba 2018 tukaambiwa vitambulisho vya wajasiriamali, 20,000, ukiwa nacho hakuna wa kukugusa. Nikanunua. Nikanunua na cha pili mwaka uliofuata. Nilikivaa shingoni kama hirizi. Oktoba 2021 wakaja kusafisha barabara, machinga wote tupishe, nikawaonyesha kitambulisho, mgambo akakiangalia akasema hiki sio kiwanja. Karai, jiko, kabati la vioo, vyote kwenye kirikuu. Kabati nililikomboa baada ya wiki mbili, vioo hamna. Tukapelekwa eneo ambalo hapiti mtu ila mbuzi. Nielewe vizuri, barabara za watembea kwa miguu zilikuwa zimejaa kweli, hata mimi nilikuwa nimepanga viti mpaka mtaroni, sikatai. Lakini basi mniambie hiyo "jiajiri" ni wapi, mnipe na ramani.

Haya, mkopo. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, kwenye karatasi ni kitu kizuri mno. Ila lazima muwe kikundi. Kujiajiri mnaniambia mimi, mkopo mnampa kikundi. Tukaunda kikundi cha watu ambao kitu pekee tulichofanana ni njaa, mmoja fundi simu, mmoja bodaboda, mmoja dada wa saluni, na jamaa mmoja ambaye mpaka leo sijui anafanya nini. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti benki, andiko la mradi, barua ya mtendaji, afisa maendeleo ya jamii kuja kukagua, na kila anayekuja kukagua unajua mwenyewe nauli yake. Miezi minne. Tukiwa tumekaribia, Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote nchi nzima kwa sababu mahesabu yalionyesha hela zilienda kwa vikundi hewa na nyingine hazikurudi. Ikaja kurudi 2024, kikundi chetu kilishakufa, dada wa saluni kaolewa Tanga. Waliokula ni vikundi hewa, waliofunga ni sisi tulio na majina.

Sasa ngoja niwageukie na nyie ndugu, jamaa na marafiki, msidhani mmepona.

Mtu akiwa ameajiriwa, mkimpigia saa tano asubuhi mnasema samahani uko kazini. Mimi aliyejiajiri mnaniambia "wewe si uko huru". Msiba Kibaha, mwende na mwalimu yuko huru. Mgonjwa Muhimbili anatakiwa kupelekewa uji, mwalimu yuko huru. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana na ninajua humu hayupo, alishawahi kumuuliza mke wangu mbele yangu, "hivi huyu mwenzio kazi ataanza lini?" Nina miaka saba kwenye moshi!

Na michango. Kadi ya harusi mtu ambaye tulisoma naye darasa moja la sita, single laki, double laki na nusu, nikituma 30,000 naandikwa kwenye grupu mwisho kabisa, chini ya "wapendwa bado tunawasubiri". Mwanangu alipolazwa niliandika kwenye grupu hilo hilo nikapata emoji za mikono. Alafu mashemeji wakija bandani, "shem tuwekee sahani mbili tutakurekebishia". Daftari langu la mikopo nikiliuza napata mtaji wa pili.

Na kuna kitu wenye hotuba hawakijui kwa sababu hawajawahi kufungua banda. Mimi sijajiajiri peke yangu hata siku moja. Baada ya ile bomoabomoa ya 2021 kilichonirudisha ni kikoba cha mke wangu, wanawake ishirini wanaokutana Jumapili kwenye korido ya nyumba ya kupanga, wakampa 400,000 bila andiko la mradi, walimuuliza swali moja tu, mumeo anakunywa? Muuza viazi wa sokoni ananipa gunia naye namlipa kesho yake. Mama wa jirani ananiwekea mafuta kwenye friji lake, sorry, kuku kwenye friji lake. Hao ndo serikali yangu. Yule wa kwenye V8 mafuta yake ya gari nachangia mimi kila nikinunua vocha, kila nikituma hela, 2021 wakaweka na tozo ya miamala juu yake, ananitegemea mimi kuliko mimi ninavyomtegemea yeye, halafu ndo anakuja kunifundisha kujitegemea. Ajabu kweli.

Kujiajiri nakupenda, niseme ukweli. Sirudi darasani hata mkinipa ajira leo (labda mkinipa mjini). Nachotaka ni kidogo mno, nilipwe nilichokifanyia kazi, na nikioneshwa mahali pa kufanyia biashara nisije nikahamishwa kabla karai halijapata moto.

EDIT: Naona wengi mnasema ningedai advance. Wakuu, nilidai. Nikaambiwa "serikali haidhulumu". Na yule anayesema mimi natumwa na chama fulani, kaka njoo bandani nikupe karai ulisugue tuone kama kuna chama ndani yake.

EDIT 2: Nimempigia yule jamaa wa kampuni ya begi, kasema mfumo wa malipo unasumbua, kisha kaniomba nimtumie elfu ishirini ya kufuatilia. Sijatuma.

EDIT 3: Afisa aliyenipa ile kazi kapita bandani jioni hii. Kachukua zege mbili na mishikaki minne, kalipa kwa simu papo hapo, tena kaweka na ya kutolea. Nikamuuliza vipi ule mzigo wangu. Kasema subira mwalimu, faili lako liko mezani kwa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Dodoma mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nimemfungia na kachumbari ya ziada.